Marehemu Aliyekosa Kaunti

Wiki tatu zimepita tangu ofisi iniage kwa soda moja na barua yenye muhuri. Barua inasema nimestaafu mapema ili kutoa nafasi kwa teknolojia. Nafasi hiyo sasa inakaliwa na setilaiti, ambayo haiombi chai ya saa nne, haidai viatu vya mvua, na mpaka leo haijaumwa na mbwa wa mtu yeyote. Naipongeza.

Tangu siku hiyo sijakaa nyumbani siku mbili mfululizo. Mke wangu anasema mtu aliyestaafu hukaa, tena hukaa kwenye kiti. Mimi navaa viatu naenda kutazama bikoni za zamani, zile nguzo fupi za zege tulizopanda kwenye mipaka ya mashamba, nione zipi bado zimesimama na zipi zimegeuzwa mafiga ya kupikia. Mafiga yanaongoza.

Ninyi mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Vyeo nitaviruka kwa kuwa sikupata, na mshahara nitauruka kwa heshima ya wasomaji wenye moyo mwepesi.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha kidato cha nne na shati jeupe. Aliyenipokea ni Mzee Amukoya, mkuu wa wasaidizi wa wapimaji, mtu mfupi mwenye kofia iliyopoteza rangi kabla mimi sijazaliwa. Alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Kijana, umekuja kuoa?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kazi."

"Basi hiyo shati ndiyo itaolewa. Na miba."

Harusi ilifanyika siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita, kwenye ua wa miba wa mtu mmoja karibu na Malinya. Tuliitwa watu wa mnyororo, ingawa mnyororo wenyewe ulikuwa umekwisha kugeuka utepe wa chuma. Kazi yetu ilikuwa kushika ncha ya utepe, kuuvuta mpaka unyooke, kupiga kelele "Soma!", kufyeka njia kwa panga, kubeba miguu mitatu ya darubini, na kutukanwa na wenye mashamba kwa niaba ya serikali. Hilo la mwisho ndilo lililochukua muda mwingi zaidi.

Mzee Amukoya hakuwa mtu wa mihadhara. Alinifundisha jambo moja ambalo bado sijalikuta kwenye kifaa chochote. Wapimaji wa zamani walipopanda bikoni walifukia kwanza vipande vya mkaa au chupa chini yake. Mwenye shamba akiing'oa bikoni usiku na kuisogeza hatua kumi kwa faida yake, mkaa unabaki pale pale ukimcheka. Kwa hiyo bikoni ikipotea huulizi mtu. Unachukua jembe na kukwangua udongo taratibu, tabaka jembamba baada ya tabaka, hadi rangi ibadilike. Mzee alikuwa hata anaonja udongo kwa ncha ya ulimi. Nilidhani ni utaalamu wa hali ya juu. Baadaye akaniambia alikuwa anafanya hivyo ili wenye mashamba waogope.

Nilitembea kaunti hii yote ya Kakamega kwa miguu. Nilifika Butere, pale reli inapokwisha ghafla kana kwamba waliokuwa wakiitandika walikumbuka wameacha chungu motoni. Nilipotea kwenye miwa upande wa Matungu tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikishika ncha ya utepe ambao upande wa pili ulikuwa umeshakatika bila mimi kujua. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma alinikuta nimekaa chini.

"Asalaam aleikum. Umepotea ama unaiba miwa?"

"Aleikum salaam, mzee. Niko kazi ya serikali."

"Basi umepotea," akasema, akanitoa humo.

Lakini mkiniuliza ni kazi gani inayonirudia kichwani ninapofunga kamba za viatu asubuhi, ni ile ya Lukhoni.

Lukhoni ni kijiji kilicho kusini mwa Malinya, pale eneo la Ikolomani linapomalizikia na kaunti jirani inapoanzia. Ni vilima viwili vinavyotazamana na kijito katikati. Mashamba ni madogo kiasi kwamba ukipiga chafya kwako, jirani anakushtaki kwa kuingilia ardhi. Upande huu ni Waidakho, upande ule ni Wamaragoli, na wameoana kwa muda mrefu hata mtu akitaka kuwatukana wa ng'ambo inabidi kwanza akaulize bibi yake alizaliwa wapi. Mpaka uliwekwa zamani na watu waliokaa ofisini mbali sana na tope. Waliona mstari wa buluu kwenye ramani, wakaandika: mpaka ni katikati ya kijito. Wakafunga daftari, wakaenda kula.

Jambo ambalo hawakuandika ni kwamba watu wa Lukhoni huchimba dhahabu. Hawachimbi kwa mitambo. Wanachimba kwa jembe, karai na matumaini. Kila mwanamume wa umri fulani amewahi kuingia shimoni, na kila mmoja atakuapia kwamba alikuwa anachimba choo.

Tuliitwa huko Alhamisi, miaka michache baada ya kaunti kuanza. Mzee Shitsama alikuwa amefariki, mwili uko mochari, na mazishi yalipangwa Jumamosi. Hema lilikuwa limeshasimama. Kilichokosekana ni kibali cha mazishi, na kilikosekana kwa sababu marehemu hakuwa na kaunti.

Ilikuwa hivi. Ng'ambo ya pili aliishi Mzee Festo, rafiki wa marehemu tangu ujana, mwenye wana watatu wakubwa. Wana hao walikuwa wameona magari ya wageni yakisimama barabarani na watu wakishuka kutia udongo kwenye vifuko, wakaanza kuipenda ardhi kwa ghafla. Walimwandikia naibu wa chifu wa upande wetu: mpaka ni kijito, nyumba ya Shitsama iko ng'ambo ya kijito, kwa hiyo iko kaunti jirani, na tena iko ndani ya shamba la baba yao. Naibu wa chifu akaenda kutazama. Kweli, kijito kilipita juu kidogo ya nyumba. Akasema hawezi kutia sahihi kaburi lililo nje ya eneo lake. Mwenzake wa ng'ambo akasema hamjui marehemu, hajawahi kumwona kwenye baraza lake hata siku moja. Wakati wa kampeni mzee huyu alikuwa wa pande zote mbili na alipewa fulana mbili. Sasa amekufa, hakuna aliyemtaka.

Kwetu mtu huzikwa kwake. Ukimzika kwa mwingine umesema mbele ya watu wote kwamba aliishi kwa kuazimwa, na kesho yake mjane anaambiwa afungashe. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa: ikiwa mpaka hautaonyeshwa kufikia Ijumaa jioni, Mama Rosa, mke wa marehemu, angempoteza mumewe na nyumba kwa wiki moja.

Mpimaji wetu alikuwa kijana kutoka chuo kikuu ambaye kila mtu alimwita Injinia, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Alishika kifaa chake, akasimama katikati ya maji kwa viatu vizuri, kifaa kikalia.

"Mpaka ndio huu," akasema.

Mama Rosa alikuwa amesimama ukingoni na leso imefungwa kiunoni.

"Kwa hivyo nimeolewa hapa, nimezaa watoto sita hapa, na kumbe nilikuwa ng'ambo?"

"Kulingana na ramani, mama."

"Hiyo ramani ilikuja harusi yangu?"

Injinia akatazama kifaa. Kifaa kikalia tena.

Mimi nilikuwa natazama kijito. Kilikuwa kimenyooka kupita kiasi. Kingo zake zilisimama wima kama zimekatwa kwa panga, na hakukuwa na mti hata mmoja wa zamani pembeni yake. Maji yakiachwa yenyewe hayana adabu ya namna hiyo. Nikawauliza wazee waliokuwa wamekaa chini ya hema: "Hiki kijito kimepita hapa tangu lini?"

Wote wakaanza kutazama kuku. Sijaona kuku waliotazamwa kwa makini namna ile.

Ni Mama Rosa aliyejibu. "Kilikuwa kinapitanga kule chini, karibu na jikoni ya Festo. Nikiwa bibi mpya huko ndiko nilichotanga maji. Halafu wanaume wakakileta hapa juu, wapate ya kuoshea udongo wao."

"Hiyo ni maneno ya mjane," akasema mwana mkubwa wa Festo kutoka upande wa kwao. "Ushahidi iko wapi?"

Sasa mnaelewa wazee walivyokuwa wamekwama. Kukubali kwamba kijito kilihamishwa ni kukubali mbele ya naibu wa chifu kwamba kulikuwa na machimbo yasiyo na kibali. Na mhamishaji mkuu, kila mtu alijua, ndiye huyo huyo aliyelala mochari. Shitsama alijihamisha kaunti kwa jembe lake mwenyewe, bila fomu, bila muhuri, akaendelea kuishi miaka yote bila kujua kwamba amekwenda nje.

Injinia alinipa hadi Ijumaa saa nane mchana. Yeye alikwenda mjini Kakamega kutafuta mtandao.

Asubuhi ya Ijumaa nikaomba vijana wawili wa jirani na majembe mawili. Mahali pa kutafutia palikuwa migombani mwa Festo, bondeni, na naibu wa chifu alikuja na kiti na mwavuli ahakikishe kwamba hatuchimbi kitu kingine. Wana wa Festo walikubali tuchimbe kwa sababu walikuwa na uhakika hatutaona chochote. Mzee Festo mwenyewe aliketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, fimbo katikati ya magoti, mdomo umefungwa. Nadhani alikuwa amekanywa.

Mtaro wa kwanza niliuweka penye nduma, kwa kuwa nduma hupenda maji. Nilijiona mjanja. Tulikuta udongo mwekundu hadi magotini, kisha udongo mwekundu zaidi. Mtaro wa pili ukawa vivyo hivyo, pamoja na kandambili moja ya mtoto. Jua lilikuwa limepanda. Mama Rosa alituletea uji, akasimama akitazama shimo lisilo na kitu, halafu akarudi hemani.

Tulipoanza mtaro wa tatu nikasikia sauti kutoka kwenye kigoda. Ilikuwa kama kikohozi, lakini haikuwa kikohozi.

"Mnapanda viazi?"

"Baba, nyamaza," akasema mwanawe mkubwa.

Akanyamaza kwa mapigo ya jembe kama kumi hivi.

"Huyo kijana anashika jembe kama anapiga nyoka. Shimo linapinda tayari. Shimo likipinda hivyo, litawaangukia."

"Baba!"

"Nimesema tu juu ya shimo. Sijasema kitu ingine."

Nikawaambia vijana wasinyooshe. Nakiri sasa kwamba niliwaambia hivyo kwa makusudi. Nilikuwa nimemwona mzee akipeleka mguu mbele na nyuma kila jembe lilipoinuka, kama mchezaji wa zamani anayetazama mpira kutoka nje ya uwanja. Kijana mmoja akachimba mshazari, mwingine akamtupia udongo mwenzake kichwani. Lilikuwa shimo la aibu.

Mzee Festo akasimama.

"Toka. Toka hapo! Mnachimba wapi? Mtafika Uganda kabla hamjapata changarawe! Kijito kilipita hapa." Akapiga fimbo chini, hatua nne kutoka mlangoni pa jikoni yake. "Hapa! Kikazunguka hivi, kikapita pale ilipo kona ya jikoni, kikateremka hivi. Leta hiyo jembe."

Mwanawe alimshika mkono. Akautoa kama mtu anayeondoa utando wa buibui. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, na alichimba kama anayekata sabuni: kuta zimenyooka, udongo umewekwa upande mmoja, hakuna pigo la jembe lililopotea.

"Mimi na Shitsama ndio tuliziba," alikuwa akisema huku anachimba, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Siku nne! Watu walituchekanga. Wakasema maji hayapandishwi mlima. Hatukuyapandisha, tulianzia kule juu tukayazungusha pembeni pembeni. Tulilaza migomba, juu yake magunia ya mchanga, juu yake mawe. Shitsama alisimama ndani ya maji mpaka kifuani, akanambia, Festo, shindilia!"

Alipofika kiunoni udongo ukageuka kijivu, kisha mchanga, kisha vijiwe vya mviringo, laini, vya aina inayotengenezwa na maji peke yake. Chini ya mchanga kulikuwa na masalio meusi ya gunia. Akainua kijiwe kimoja juu, akatabasamu kwetu sote kama bwana harusi.

Naibu wa chifu aliinua kalamu. "Mzee Festo, hebu rudia hapo pa kuziba. Nilikuwa naandika."

Hapo ndipo alipoelewa. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki usoni likiwa halina kazi. Mwana mkubwa alikaa chini pale pale kwenye udongo. Mama Rosa alikuwa amekuja tena, nami sikumwona alipofika.

"Asante, shemeji," akasema.

Mzee alikipangusa kile kijiwe kwa kidole gumba.

"Ilikuwa kazi nzuri," akasema. "Hata kama hatukuwa na kibali."

Injinia alirudi saa nane akiwa na mtandao. Akasimama ndani ya shimo la Festo, kifaa kikalia, akaandika kwamba mpaka wa asili umepatikana kwa kutumia mitambo ya kisasa. Nyumba ya Shitsama ikarudi Kakamega. Naibu wa chifu akatia sahihi kibali juu ya goti lake. Jikoni ya Festo, kwa mujibu wa vipimo vile vile, ilikuwa imeingia Kakamega kwa upana wa mlango mmoja, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulizungumza.

Jumamosi asubuhi fahali waliletwa kumuaga marehemu, kama ilivyo desturi ya huko kwa mtu aliyeheshimiwa. Ngoma za isikuti zikapigwa, fahali wakazunguka boma, wakang'oa vigingi vyangu sita vya mpaka nilivyopigilia Ijumaa. Naviandika hapa kwa kuwa ofisini niliulizwa vilikwenda wapi na hakuna aliyeniamini.

Kaburi lilikuwa linachimbwa nyuma ya nyumba. Injinia alikuwa ameniachia daftari nijaze safu ya maelezo ya udongo, kazi ambayo wasomi huona haiwahusu, kwa hiyo nilikuwa nimesimama karibu. Mzee Festo akaja peke yake. Wanawe walibaki ng'ambo, wameegemea ua wa minyaa. Alitazama shimo, akatikisa kichwa, akavua koti.

"Huyu hakukubalinga shimo la kupinda," akawaambia wachimbaji. "Tokeni."

Alishuka, akanyoosha pembe zote nne, akalainisha kuta kwa kiganja. Alipomaliza hakuweza kutoka, ikabidi avutwe kwa kamba.

"Mngemuacha humo," akasema Mama Rosa, "wazoee tena kuwa pamoja." Watu wakacheka, na yeye pia, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Festo alitoka na udongo wa chini kabisa kwenye kiganja. Kulikuwa na karai la maji ya kunawa. Akatumbukiza mkono, na sijui kama aliamua au mkono uliamua wenyewe: akaliinamisha karai, akalizungusha mara tatu, akamwaga maji ya juu, akalizungusha tena. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Chini ya karai kulibaki mkia wa manjano, chembe nyingi zilizofuatana. Nilikuwa nimepita Lukhoni mara nyingi na nimeonyeshwa dhahabu ya watu wengi, chembe moja, chembe mbili. Sikuwahi kuona mkia.

Alinitazama. Nikamtazama.

"Shemeji, mnatafuta nini hapo?" akauliza Mama Rosa.

"Nanawa tu. Mikono ni chafu."

Kutoka kwenye minyaa mwana mkubwa akapaza sauti. Macho yake yalikuwa kwenye karai.

"Baba! Kuna kitu?"

"Kuna mtu anazikwa," akasema Mzee Festo, akamwaga ndani ya kaburi maji na kila kilichokuwemo kwenye karai, akalisuuza karai mara mbili, akamwaga tena.

Nilifungua daftari kwenye safu ya maelezo ya udongo. Nikaandika: wa kawaida. Injinia alipitisha bila kusoma, ofisi ikapiga muhuri, na huo ndio uongo pekee niliouandika katika miaka yote ya kazi.

Na kabla hamjawasha vifaa vyenu, wenzangu: kijiji hicho hakiitwi Lukhoni.